Kupiga Pamba

Juma hili nina barua kutoka Nangurukuru, pale njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Aliyeandika ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Anasema aliwapa wanafunzi wa darasa la sita insha juu ya Sikukuu ya Idi. Mtoto mmoja akaandika: "Asubuhi nilioga, nikapiga pamba zangu, nikaenda kwa bibi." Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akaikata sentensi, akaandika pembeni: "Pamba hupigwa?" Kisha "zangu" akaigeuza ikawa "yangu", maana pamba, anasema, ni zao la biashara, na ngeli yake inajulikana. Siku ya pili baba wa mtoto akafika shuleni, daftari mkononi, kudai alama mbili za mwanawe. Mwalimu anatuuliza: nani mwenye haki?

Nimeipenda barua hii kwa sababu imetoka Kilwa. Ingetoka Arusha ningeijibu kwa maneno machache. Lakini neno pamba katika mwambao wa Kilwa na Lindi lina mambo yake, na mwalimu yule, bila kukusudia, ameyagusa.

Kwanza tuseme maana, kwa faida ya wale ambao wajukuu wao huzungumza wakawaacha njiani. Pamba katika lugha ya mitaani ni nguo, lakini si kila nguo. Robota la mitumba lililofungwa kwa mkanda bado si pamba. Sare ya shule si pamba, na kaptula ya kushindia shambani wala isitajwe. Nguo huwa pamba pale inapovaliwa ili ionekane: imepigwa pasi, imeoana na viatu, na aliyeivaa anajua kwamba anatazamwa. "Jamaa kapiga pamba." "Pamba zake kali." "Leo umetupia pamba, kuna nini?" Kwa hiyo anayesema pamba hataji kitambaa peke yake. Anataja mng'aro wa mtu aliye ndani ya kitambaa hicho. Asiye nayo huambiwa "amechoka", hata kama ndiyo kwanza ameamka usingizini.

Neno hili lina ndugu wengi. Katika miaka ya 1990 mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa na mabrazameni na masistaduu. Wakaja mabishoo. Ilipofika karibu na mwaka 2010 wakatawala masharobaro, wakawa na studio ya muziki yenye jina lao na vichekesho vyao kwenye runinga. Magazeti ya burudani nayo yakaacha kuandika kwamba mtu amevaa. Ikawa "ametinga" au "amepigilia", na nguo zikawa "viwalo". Mashindano ya urembo yaliporudi nchini mwaka 1994 waandishi walipata kazi ya kutafuta maneno, wakalipenda neno mlimbwende, ambalo kamusi zililiweka kwa mtu yeyote apendaye kujipamba, mwanamume kwa mwanamke, wakalifanya kama cheo cha msichana mwenye namba kiunoni.

Sasa angalia jambo moja. Brazameni, bishoo, sharobaro, haya yote ni majina ya mtu mwingine. Humsikii mtu akisema "usharobaro wangu" ila kwa mzaha. Ni maneno ya kumtazama mwenzako toka juu hadi chini, na mara nyingi yana sumu kidogo ndani yake: ni kama kusema kwamba huyu anajiremba lakini mfukoni hana kitu. Wazee wetu walikuwa na methali za kazi hiyo hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini pamba ni neno ambalo mwenyewe hulisema juu ya nafsi yake, kwa raha, bila kuona haya: pamba zangu. Nitalirudia hilo mbele.

Neno lenyewe limetoka wapi? Kuna wanaosema ni kitenzi cha kupamba, tena wanatoa ushahidi mzuri. Kupamba ni kitenzi chetu cha Kibantu, kina watoto tele: pambo, mapambo, mpambe wa bibi harusi, kujipamba. Kuna hata kupamba maiti, yaani kumwandaa marehemu kwa maziko, na hapo pamba yenyewe hutumika, kwa hiyo kitenzi na kitu hukutana mezani pa mwosha. Wengine wanasema hapana, ni ile pamba ya shambani, nomino ambayo wataalamu wa asili ya maneno huiona imetoka Uajemi, ikaja na majahazi. Maneno mawili, ukoo mbali mbali, sauti moja.

Mimi nipo upande wa shamba, na sababu yangu ni ile ile "zangu" iliyokatwa na mwalimu. Kiswahili kina tabia ya kukipa kitu kilichotengenezwa jina la kile kilichokitengeneza, kisha kukihesabu. Raba ni mpira, lakini kijana akisema "raba zangu" hazungumzii utomvu, anazungumzia viatu. Pamba imepita njia hiyo hiyo. "Pamba yangu imeingiwa na wadudu" ni kilio cha mkulima wa Shinyanga. "Pamba zangu zimeliwa na panya" ni kilio cha kijana wa Kilwa Masoko aliyekuwa na harusi Jumamosi. Herufi moja tu imetenganisha shamba na sanduku la nguo, na kila mwenye kuzungumza Kiswahili tangu utotoni huielewa bila kufundishwa. Neno lingetoka moja kwa moja kwenye kupamba, nadhani tungesikia "mapambo yangu" au "pambo langu". Lakini sikatai kwamba kitenzi kimesaidia. Sikio linaposikia pamba linasikia na kupamba kwa mbali, na ndiyo maana neno likanoga, likakaa.

Hata lile swali la "Pamba hupigwa?" ningemwomba mwalimu alitazame tena. Yeye mwenyewe kila asubuhi hupiga mswaki, hupiga pasi, akifika shuleni hupiga kengele, na jioni hupiga soga na wenzake. Kupiga ni kitenzi mtumishi, hubeba mzigo wowote kinaopewa.

Lakini nilisema habari ya Kilwa. Wanaosema kwamba mapenzi ya kujipamba ni ugonjwa ulioletwa na runinga wangefika Kisiwani wakatazame kilichotoka chini ya ardhi. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta vigae vya duara vilivyotobolewa katikati. Ni vifaa vya kusokotea uzi. Mtu aliona chungu kimevunjika, akachukua kigae, akakichonga, akakitoboa, akakivika kwenye kijiti, akasokota pamba. Kwa hiyo watu wa Kilwa walisokota nyuzi karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana upeoni. Na walipofika hao Wareno, wakaipora Kilwa mwezi Julai 1505, mmoja wao aitwaye Duarte Barbosa aliandika miaka michache baadaye habari za miji ya pwani hii. Juu ya watu wa Kilwa hakusahau kutaja mavazi: nguo nzuri za dhahabu, hariri na pamba, na wanawake wenye mikufu na bangili za dhahabu na fedha, mikononi, miguuni na masikioni. Kama si kupiga pamba huko, sijui ni nini.

Barbosa huyo huyo anaeleza jambo jingine ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Huko Sofala, bandari ya kusini iliyokuwa chini ya Kilwa, watu walifuma nguo nyeupe lakini hawakuwa na rangi za kutia. Basi walichukua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay, Uhindini, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma nyuzi hizo pamoja na zao nyeupe, ikatoka nguo yenye nakshi wanayoitaka wao. Ukimwona fundi wa leo amekaa barazani anafumua suruali ya mtumba ili aibane miguu ipendeze, usidhani kwamba kazi hiyo imeanza juzi.

Baadaye mambo yakageuka. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na bidhaa kuu ya misafara hiyo ilikuwa watu. Kitambaa cha wakati huo kilikuwa merikani, pamba ya kawaida isiyotiwa rangi, yenye jina la Wamarekani walioileta, na kaniki, ile ya rangi nyeusi ya nili. Ndizo nguo alizofungiwa mtumwa kiunoni. Kanzu safi, kilemba, viatu, ukaya wa mwanamke, hizo zilikuwa alama za uungwana, na desturi ya pwani ilimkataza mtumwa kujifunika kichwa au kuvaa viatu mbele ya mabwana. Kwa maneno mengine, kupendeza kulikuwa na mwenyewe. Mtu alijulikana kama ni huru au si huru kabla hajafungua kinywa.

Ndiyo maana kanga, ilipoanza kuenea mwishoni mwa karne hiyo, ilikimbiliwa na wanawake waliotoka utumwani au ambao mama zao walikuwa watumwa. Waliiacha kaniki kwa furaha. Hawakuwa na mali. Walikuwa na kanga mpya, yenye maua, na baadaye yenye maneno. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Hesabu miaka iliyo katikati, uone ni wanawake wangapi walijitangazia uhuru kwa nguo kabla ya kutangaziwa na serikali. Wanaume nao walikuwa na ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya na kuenea Tanganyika, wakajigawa Marini na Arinoti, wakavaa mavazi ya kijeshi wakapeana vyeo vya Kizungu. Wakubwa wa serikali walikuwa wakiwatazama kwa wasiwasi, kama wakubwa wanavyotazama vijana waliovaa vizuri kupita kiasi.

Na katikati ya hayo ndipo ilipoingia pamba ya shambani. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Wajerumani uliwalazimisha watu wa sehemu hizi kulima mashamba ya pamoja ya pamba, chini ya maakida na majumbe, wakati mashamba yao ya chakula yakingoja. Pamba ilikuwa ya viwanda vya Ujerumani. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kilwa, watu walikwenda shambani wakang'oa miche ya pamba. Hawakuwa wanapalilia. Ilikuwa ndiyo njia yao ya kutangaza vita, na vita hivyo ni Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, vita vikiwa vichanga. Makisio ya waliokufa hadi mwisho yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa.

Kwa hiyo ardhi ile inalifahamu neno pamba kwa pande zote mbili: pamba iliyopendezesha watu, na pamba iliyowalazimu kuinama kwa ajili ya mwingine. Halafu ikatokea jambo la ajabu. Zao hilo likaja kukatazwa kabisa katika mikoa ya kusini, kwa miongo mingi, kwa hofu ya funza mwekundu asije akavuka kwenda kwenye kanda nyingine zinazolima. Lindi ikabaki na korosho, ufuta na nazi. Yule mwanafunzi wa Nangurukuru huenda hajauona mche wa pamba maishani mwake. Pamba anayoijua yeye ni ile ya zahanati, na ile inayoning'inia kwenye kamba ya muuza nguo.

Na muuza nguo huyo naye anatuhusu. Jina tunalowaita wachuuzi wa mitaani nchi nzima, machinga, ni jina la kabila la Mkoa wa Lindi. Vijana wa huko na wa Mtwara waliingia Dar es Salaam kwa wingi kutafuta maisha, bidhaa mkononi, hata jina la kwao likageuka jina la kazi. (Wanaosema eti limetoka kwenye Kiingereza cha mtu anayetembea kwa miguu wananichekesha. Wamachinga walikuwapo kabla ya hicho Kiingereza kufika.) Biashara ya mitumba ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya ukame wa nguo ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa foleni za kanga kwenye maduka ya ushirika, ni vijana hao waliozunguka na mashati begani kutoka Kariakoo hadi Ubungo. Kwao kusini mtindo ulichelewa kufika, maana njia ilikuwa mbaya na Rufiji ilivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Aliyerudi likizo na pamba za Dar alikuwa habari ya mji kwa juma zima.

Sijasahau kwamba serikali yetu wenyewe nayo imewahi kuingia kabatini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Lakini waliosimamishwa barabarani na kupimwa sketi walikuwa zaidi wasichana wafanyakazi, waliokuwa ndiyo kwanza wanapokea mshahara wao wa kwanza. Haikupita muda vijana wakaja na bugaluu na viatu vya raizoni, visigino juu kama ghorofa, wala sketi fupi haikufa.

Sasa turudi Kilwa ya leo. Nenda Masoko au Kivinje jioni ya Idi, au nenda Lindi mjini ufuta ukishauzwa na korosho zikishalipwa. Utaona pamba. Utaona binti aliyetolewa unyago amevishwa kila kipya, na kina mama waliokula sare ya kanga wakiingia harusini wamefanana kama shanga za uzi mmoja. Kuna gharama, sikatai. Kuna anayechukua nguo dukani kwa mkopo akiahidi kulipa msimu ujao, na msimu ujao bei ya ufuta ikaanguka. Kuna mtoto ambaye siku ya Idi anajifanya anaumwa tumbo ili asitoke nje na shati la mwaka jana. Huyo ndiye anayelijua neno pamba vizuri kuliko sisi tunaolichambua redioni, na wanaomcheka mwenzao kwamba "amechoka" wangefaa kumfikiria. Ila ukali huo hauponi kwa kulifuta neno kwenye daftari. Kabla ya neno hili kuzaliwa, shati la mwaka jana lilikuwa likimuumiza mtoto vile vile.

Namjibu basi mwalimu. Insha ya shule ina lugha yake, na ni haki yako kumfundisha mtoto kwamba kwenye mtihani wa taifa ataandika "nikavaa nguo zangu za sikukuu". Mwambie kuna lugha ya barazani na lugha ya karatasi, kama alivyo na kandambili na viatu. Mzazi naye afahamu hivyo, asije akadhani kwamba mwalimu amemwonea mwanawe.

Lakini ile "zangu" hukuwa na sababu ya kuigusa. Mtoto hakukosea ngeli. Alisema nguo, na akasema ni zake. "Pamba yangu" ingemtoa nyumbani kwake siku ya Idi na kumpeleka shambani, na babu zake wa Umatumbi walikwisha kulimaliza suala hilo mwaka 1905. Hiyo alama moja mrudishie. Ile ya pili, ya kupiga, nakuachia wewe.